Uzoefu wangu na ThinkPad T480 ya mtumba: miezi minane ya hosteli, Yaka na betri mbili

Nasoma takwimu mwaka wa pili hapa Kampala, kwetu ni Arua. Tangu Agosti 2025 natumia laptopu moja, Lenovo ThinkPad T480 ya mtumba iliyokuja kutoka Uingereza, na karibu kila wiki kuna mwenzangu darasani anayeniuliza: umeinunua bei gani, na inakaa na chaji? Hilo la pili ndilo swali lenyewe. Leo nalijibu kwa urefu, nikiwa nimeishi nayo miezi minane, mihula miwili inayokaribia kwisha, na umeme uliokatika mara ambazo nimeacha kuzihesabu.

Nilitoa shilingi 950,000 za Uganda. Pesa hiyo ilitoka kwa mama, anayeuza vitenge sokoni Arua. Alinitumia kwa simu mara tatu, na kila akituma alipiga: "Imeingia, mwanangu?" Mara ya tatu akaongeza, "Sasa usiniletee habari ya kuibiwa." Kwa hiyo nilisoma wiki nzima kabla ya kukanyaga duka lolote. Na bado waliniweza kwa jambo moja, nitalisema.

T480 ilitoka mwaka 2018. Ni mashine ya ofisini. Makampuni huzinunua kwa mamia, huzibadilisha baada ya miaka michache, na zile kuukuu ndizo zinazotufikia huku zikiwa zimefutwa vumbi na kubandikwa stika mpya. Yangu ina prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel i5-8250U, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 8, na SSD, diski ya kuhifadhia, ya gigabaiti 256. Itazame ile namba inayofuata kistari: 8 ni kizazi cha nane. Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho, na Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea alinishikisha mashine yenye i5-6300U kwa 650,000. "Nnyabo (dada, kwa Kiganda), zote ni i5, hiyo nyingine unalipia jina tu." Si kweli. Ningeichukua, baada ya miezi miwili ningekuwa na laptopu isiyopokea tena masasisho ya kawaida ya usalama, na flashi yangu inazunguka vibanda vyote vya kuprinti pale Kikoni, mtaa wetu wa hosteli, na kurudi na virusi.

Lakini kilichonifanya niing'ang'anie T480 ni betri. Ina mbili. Moja imefungwa ndani, ya wati-saa 24 (wati-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuubeba). Ya pili iko nyuma, unaichomoa kwa mkono, na hiyo inaweza kuwa ndogo ya wati-saa 24 au kubwa ya 72. Ukiwa kazini inakula ya nyuma kwanza. Ikiisha, unaichomoa na kupachika nyingine huku laptopu ikiendelea, maana ya ndani inaibeba kwa muda huo. Toleo lililofuata, T490, halina tena betri ya kuchomoa. Kwa mtu anayeishi kwenye hosteli ambako Yaka, umeme wa kulipia kabla, ni ya kuchangishana chumba kwa chumba, na ikiisha usiku wa manane kila mtu anajifanya amelala, tofauti hiyo ni kubwa kuliko kasi ya prosesa.

Sasa hilo jambo waliloniwezea. Dukani skrini ilionyesha betri asilimia 100. Niliona, nikaridhika, nikalipa. Sikuichomoa chaja ukutani hata dakika tano. Usiku ule chumbani nikaichomoa na kuanza kuandika ripoti. Haikumaliza saa mbili, ikazima. Muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba inakaa na chaji kwa saa nane.

Kuna njia ya kuujua ukweli bila kumwuliza mtu, na natamani kila mwanafunzi aijue kabla ya kutoa hata shilingi. Fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Windows inakuandikia faili, nawe unalifungua kwa kivinjari kama ukurasa wa kawaida. Humo, kwa kila betri, kuna namba mbili: uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo inaoubeba leo. Yangu ya ndani ilikuwa imetoka na karibu 24,000 (ni miliwati-saa, yaani zile wati-saa 24) na bado inabeba 18,200, si mbaya kwa umri wake. Ya nyuma ilitoka na karibu kiasi kilekile. Siku ile ilikuwa inabeba 4,310. Niliisoma mara ya pili nikidhani nimeruka tarakimu. Chini yake pameandikwa imechajiwa zaidi ya mara 800. Betri ilikuwa imekufa, na aliyeiweka mezani alikuwa na kila nafasi ya kulijua hilo.

Risiti yangu ilikuwa na waranti ya wiki mbili, imeandikwa kwa kalamu na kupigwa muhuri. Siku ya tatu nilirudi na ripoti yangu mkononi, nimeiprinti. Kijana wa mauzo akaitazama, akasema betri haimo kwenye waranti, betri ni kama tairi la gari. Nikamwuliza hilo limeandikwa wapi. Akanyamaza, akaenda kuhudumia wengine. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kuanzia saa nne hadi saa saba mchana, mwenye duka akaja, akanirudishia 40,000 na kusema hiyo ndiyo yote. Niliipokea kwa sababu kesho yake nilikuwa na kazi ya kukusanya. Inaniuma mpaka leo. Wanaokuja pale ni watoto wa watu waliouza mbuzi na mihogo ili mtoto apate mashine ya kusomea, halafu anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee wa mtaa wa Wandegeya mwenye meza tu chini ya ngazi za jengo, taa moja na boksi la bisibisi. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakunicheka. Aliigeuza laptopu kifudifudi, akaniita nisogee. "Tazama hapa, mwanangu. Vikufuli viwili. Sukuma hiki, kinabaki. Hiki kingine kishikilie, usikiachie, sasa vuta." Betri ikatoka kama droo. Akaleta ile kubwa ya wati-saa 72, akaipachika mpaka ikalia tak, na kabla sijatoa pesa akaniambia niandike ile amri nisome mwenyewe. Ilikuwa inabeba zaidi ya 68,000. Nikalipa 180,000. Siku hiyohiyo alifungua mfuniko wa chini, akasafisha feni na kupaka dawa mpya ya kupoza prosesa kwa 20,000, na feni iliyokuwa ikipiga kelele kama jenereta ikatulia.

Fundi huyohuyo alinifundisha mambo mawili ambayo sikuyakuta popote wakati najisomea. La kwanza, washa mashine ukibonyeza F1 uingie BIOS, menyu ya mipangilio ya ndani inayotangulia Windows, ukiwa bado dukani. Ikikudai nenosiri, ondoka, kwa sababu hiyo bado ina kufuli la kampuni iliyokuwa ikiimiliki, na kulitoa ni kazi ngumu. La pili linahusu mashine za miaka ile zenye tundu la USB-C la aina ya kasi iitwayo Thunderbolt: kuna sasisho la programu ya tundu hilo ambalo Lenovo wenyewe walilitoa, na mashine isiyolipata inaweza siku moja ikakataa kuchaji kupitia hapo. Alinisasishia bure, kwa intaneti yake.

Gharama yangu halisi basi ni 1,110,000. Hiyo ndiyo bei ninayomtajia anayeniuliza.

Nieleze usiku mmoja tu, mengine mtayapima wenyewe. Jumanne moja ya Novemba tulikuwa na jaribio la mtandaoni la dakika 60, saa moja jioni. Dakika ya 14 umeme ukaenda. Kikoni nzima ikawa giza na hosteli zote zikapiga ule ukelele mmoja tunaoujua. Ruta ikafa papo hapo. Nikawasha intaneti ya simu, lakini simu ilikuwa na asilimia 9, nikaichomeka kwenye laptopu. Ikawa simu inaipa laptopu mtandao, laptopu inaipa simu moto. Mikono ilikuwa inatetemeka lakini ukurasa haukupotea. Mwenzangu wa chumbani mashine yake haishiki chaji kabisa, ilizima papo kwa papo. Alikuwa amekaa kitandani amekumbatia magoti, kimya. Nilikusanya dakika ya 46, nikampisha. Akaingia kwa akaunti yake, akakuta majibu yake ya mwanzo yapo na muda haujaisha, akajibu yaliyobaki mpaka dakika ya mwisho. Aliposimama betri ya nyuma ilikuwa asilimia 61. Alinishika mkono tu, hakusema kitu.

Mengine kwa kifupi. Kibodi ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuiandikia, vitufe vina kina, nimechapa ripoti za kurasa thelathini bila vidole kuchoka. Betri kubwa inaiongezea uzito na kuiinua nyuma, meza inakuwa kama ina mteremko; mimi nimeizoea, rafiki yangu mrefu anailalamikia. Spika ziko upande wa chini wa mashine na sauti yake ni ndogo, nunua vya masikioni. Skrini ndiyo udhaifu wenyewe. T480 zilitoka na skrini za aina tofauti na yangu ni ile ya bei ya chini, 1366 kwa 768, hafifu, ukikaa nje chini ya mwembe huoni kitu. Dukani uliza Full HD, yaani 1920 kwa 1080, na uihakiki kwenye mipangilio, usimwamini anayekwambia "ni HD."

Kazi zangu nyingi nafanya kwa R na RStudio, programu za takwimu ambazo ni za bure, na gigabaiti 8 zinatosha kwa data ya darasani. Nilipojaribu faili kubwa la utafiti wa kaya pamoja na kivinjari chenye vichupo kumi na tano ikagoma. Ina nafasi mbili za RAM, nitaongeza kijiti cha pili nikijaliwa.

Intaneti ni hadithi nyingine, maana hapa Uganda kila megabaiti ina kodi. Ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018 iliondolewa mwaka 2021, ikaja ushuru wa asilimia 12 juu ya bando. Kwa hiyo vifurushi vya R na vitabu nashusha kwa waifai ya chuo, mara moja, navihifadhi. Nimeweka pia Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao, yenye Wikipedia ya Kiswahili nzima na ya Kiingereza sehemu ya hisabati. Wenzangu huona ni ushamba. Mimi Januari 2021 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, intaneti ikazimwa nchi nzima siku za uchaguzi, na nakumbuka nilivyokaa na swali la probabiliti siku tano bila wa kumwuliza. Kiwix haitoki kwenye mashine yangu.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kumsalimia mama. Basi liliondoka Kampala saa moja asubuhi, nikafungua laptopu tulipopita Luweero kwa sababu nilikuwa na kazi ya urejeo wa mstari ya kumaliza. Nilifanya kazi Kafu, Kigumba, nikaiacha kidogo Karuma kuyatazama maji chini ya daraja, nikaendelea. Abiria wa pembeni, mzee wa Nebbi, aliniuliza kama nina mashine ya jua. Nikaichomoa betri ya nyuma nimwonyeshe, laptopu ikiwa inawaka vilevile, akaipima uzito mkononi na kunirudishia kwa mikono miwili. Tulipofika daraja la Pakwach, ya nyuma ilikuwa imebaki asilimia 12 na ya ndani haijaguswa. Kazi ilikuwa imeisha. Nikaifunga, nikamwita mwenye samaki dirishani, nikachagua wawili wakubwa wa kumpelekea mama.