Period04 na mapigo ya nyota: uzoefu wangu

Ukishapakua vipimo vya mwanga wa nyota ukakuta nukta zinapanda na kushuka ovyo, anza na Period04, programu ya kutafuta mapigo yaliyojificha ndani ya vipimo hivyo. Ilitengenezwa Vienna na Patrick Lenz na Michel Breger, na makala yao ya kuieleza ilitoka 2005. Ni ya bure. Sura yake ni ya kizamani, lakini haili bando, na kompyuta yangu ya mtumba inaimudu.

Nimeijaribia AI Velorum, nyota ya jamii ya Delta Scuti (nyota zinazopiga haraka, kwa saa chache tu) katika anga ya kusini. Vipimo nilivitoa kwenye hifadhi ya TESS, chombo cha NASA kilichorushwa 2018, ambacho hukaza macho kwenye kipande kimoja cha anga kwa takriban siku 27. Maandalizi ni juu yako: programu inataka faili la maandishi matupu, safu ya muda na safu ya mwangaza, basi.

Utamu unaanzia kwenye hesabu ya Fourier, inayochambua vipimo na kuchora mchoro wenye kilele kwa kila kasi ya mapigo iliyomo. Kilele kirefu kinasimama karibu na mapigo 8.96 kwa siku, yaani pigo moja kila saa 2 na dakika 40 hivi. Unakiondoa kwenye vipimo, kisha unapiga hesabu upya kwa mabaki. Ni kama kumnyamazisha mpiga msondo ili usikie chapuo: kinajitokeza kilele cha pili, 11.60 kwa siku. Gawanya kipindi (muda wa pigo moja) kifupi kwa kirefu, utapata kama 0.773, na uwiano huo ni alama ya nyota inayotanuka na kusinyaa kwa mitetemo miwili kwa pamoja, ule wa msingi na ule wa juu wa kwanza. Kumbe ule uovyo una utaratibu: mitetemo hiyo hukutana na kupishana kila baada ya saa 9 hivi.

Ukiendelea utaona 17.93 na 20.56. Usishangilie, si mitetemo mipya. Ya kwanza ni 8.96 mara mbili, ya pili ni jumla ya zile mbili kuu. Programu inakuruhusu kuzifunga kwa mama zao, yaani zile kuu zilizozizaa, ila mimi huzikagua kwanza kwa kalkuleta.

Kwa vipimo vya darubini za ardhini, tazama kwanza dirisha la spektra, mchoro unaoonyesha vilele vinavyoletwa na mpangilio wa nyakati za kupima tu. Mchana hukata vipimo, na pengo hilo huzaa vilele bandia, pungufu au zaidi kwa pigo 1 kwa siku. Kuhusu kelele, yaani mtikisiko wa ovyo wa vipimo usiotoka kwenye nyota, kanuni ya Breger na wenzake ya 1993 inataka kilele kiizidi mara 4. Kwa data ya TESS mimi hudai zaidi.

Kwa nyota moja unayotaka kuijua kwa kina, sijaona raha kama hii. Kwa nyota mia, tumia lugha ya Python na Lightkurve, maktaba yake ya kuchambua data kama ya TESS, maana kwenye Period04 kila kilele unakibofya mwenyewe.