Kufikisha Wi-Fi nyumba nzima: ekstenda au ruta ya pili kwa kebo?

Simu imepewa 192.168.1.23, kompyuta ya chumbani 192.168.0.5, na printa haionekani: vifaa viwili vinagawa anwani za IP (namba za kila kifaa kwenye mtandao) nyumba moja. Ruta ya pili ndiyo hupenda kuleta vurugu hii. Zima DHCP yake (huduma inayogawa anwani), ipe anwani isiyogongana, mfano 192.168.1.2, kisha chomeka kebo kutoka ruta kuu kwenye tundu lake la LAN (la vifaa vya ndani), si WAN (la intaneti). Ikishatulia, kasi yake haina mshindani.

Ekstenda, kifaa kinachopokea Wi-Fi na kuirusha mbele, kwa kawaida huacha ruta kuu igawe anwani, na hutoboi ukuta. Ila yenye redio moja hula karibu nusu ya kasi, na umeme ukirudi wakati mwingine hudai kuzimwa na kuwashwa tena. Mpangaji wa Ntinda, Kampala, ekstenda yatosha. Aliyejenga kwake Mukono, avute kebo.