Siku nne mkoani Tanga kwa gari: bustani ya Amani na mapango ya Amboni

Wengi tunaotoka Dar es Salaam kwenda kaskazini tukifika Segera hunyoosha moja kwa moja kuelekea Korogwe na Moshi, na Tanga tukaiacha upande wa kulia kana kwamba haina cha kutusimamisha. Agosti iliyopita mume wangu na mimi tulikata kulia, tukiwa na siku nne za likizo, gari la kukodi na orodha fupi ya mahali ambapo kwa miaka mingi tulikuwa tunapaona kwenye vibao tu. Naandika tathmini hii kwa ajili ya watu wawili kama sisi, wasio na haraka na wasiohitaji hoteli kubwa, kwa sababu naamini bustani ya mimea ya Amani, iliyo katika milima ya Usambara Mashariki, peke yake inatosha kumfanya mtu aifunge safari hii.

Kutoka Segera, mkonge ndio unaokusindikiza. Mistari yake imenyooka hadi upeo wa macho, na inapendeza zaidi kuitazama ukijua ilivyoanza: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai katika pwani yetu ilikuwa 62 tu. Muheza tulisimama kununua machungwa, ambayo mwezi huo hupangwa mafungu kwa mafungu kando ya barabara; nunueni mengi, kwa kuwa kutoka hapo hadi Amani hakuna haja ya kula kitu kingine.

Barabara ya kupanda Amani ni ya vumbi na mawe, ina urefu wa zaidi ya kilomita 30 kutoka Muheza, na mvua ikinyesha huwa telezi. Kampuni iliyotukodisha gari, ambayo sitaitaja, ilituhakikishia kwamba gari dogo lingetosha. Lilifika, lakini tulipopata pancha tuligundua kuwa tairi la akiba halikuwa na upepo hata kidogo, na mume wangu akalazimika kupanda bodaboda akiwa amelipakata tairi mapajani hadi kwa fundi Muheza, huku mimi nikisubiri garini kwa zaidi ya saa mbili. Mwenye kwenda huko achukue gari lililoinuka, na kabla hajasaini chochote alibonyeze tairi la akiba kwa mkono wake mwenyewe na kuhakikisha jeki imo.

Ukisikia neno bustani ukafikiria vitalu vya maua, mabenchi na nyasi zilizofyekwa, utaiulizia bustani ya Amani ukiwa umesimama katikati yake. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 kuwa kituo cha kujaribia mazao, wakapanda miti ya nchi za mbali ili waone upi utaota na upi utawaletea faida: mdalasini, mpira, kafuri, na ule ambao gome lake hutengenezewa kwinini. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, miche hiyo ya majaribio imekuwa miti mirefu, na mmoja wao tuliukumbatia sisi wawili, kila mtu upande wake, vidole vyetu visikutane.

Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba mchukue mwongozaji, kwani bila yeye mtaona kijani tu. Wetu alikwangua gome la mdalasini kwa ukucha, akaniwekea kipande kiganjani, akasema, “Mama, usitafune kwanza, kiweke ulimini.” Kilianza kwa utamu, kisha ukali ukapanda polepole hadi puani, na nikaelewa kwamba unga ninaotia kwenye pilau miaka yote hii ni kivuli tu cha kitu chenyewe. Hapo hapo alituonyesha hasara ya majaribio hayo, yaani Maesopsis eminii, mti uliopandwa kwa nia njema na ambao mbegu zake zilibebwa na ndege aina ya hondohondo hadi ndani ya msitu wa asili, na sasa umeshika nafasi ya miti isiyopatikana kwingine. Msitu huo ndio uliofanya Amani itangazwe mwaka 1997 kuwa hifadhi ya mazingira asilia, yenye hekta 8,380. Humo tuliwaona mbega, na usiku, kwa tochi, kinyonga dume mwenye pembe tatu akiwa amelala juu ya tawi.

Hata hivyo, kilichotugusa kuliko vyote kilikuwa kidogo kuliko kiganja. Kwenye mwamba wenye unyevu kando ya kijito palikuwa na majani ya mviringo yenye vinyweleo laini, na katikati yake ua moja la zambarau lenye kitovu cha manjano. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, aliituma mimea ya aina hii kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata ikaandikwa kisayansi kwa jina lake, Saintpaulia. Leo inauzwa katika vyungu duniani kote, na Wajerumani huiita urujuani wa Usambara. Mimi, niliyekulia saa chache tu kutoka hapa, nilikuwa sijawahi kuiona. Mwongozaji alituomba tusiiguse, kwa kuwa porini inazidi kupungua.

Ua hilo pia lilipatikana kwenye nyufa za mawe ya chokaa karibu na mji wa Tanga, mawe kama yale ya mapango ya Amboni, na ndiyo maana nashauri Amani itangulie na Amboni ifuate. Mto unawaonyesha njia: Zigi, unaopiga kelele chini ya lango la hifadhi, ndio unaowapa watu wa Tanga maji ya kunywa, na hupita jirani na mapango. Mapango yenyewe yapo kilomita chache kutoka mjini, kwenye barabara ya Horohoro. Mwongozaji atawaonyesha kwa tochi mawe yanayofanana na Bikira Maria, mamba na mlima Kilimanjaro, na atawaambia kuwa pango hufika Mombasa. Simulizi hiyo ni tamu, ingawa vipimo vya mwaka 1994 vilionyesha kuwa lililo refu kuliko yote lina takriban mita 900. Kuna mahali pa matambiko, ambapo tulikuta chupa za marashi na sarafu. Piteni hapo kwa adabu, na msipige picha sadaka za watu.

Maji moto ya Galanos, chemchemi iliyo karibu na Amboni yenye harufu kali ya salfa, yanatosha nusu saa. Amani ipeni siku mbili kamili, kwa kuwa sisi tuliipa moja na nusu tukajuta.

Jioni ya mwisho tulirudi kwenye mdomo wa pango kabla hapajafungwa. Mume wangu alimulika nyufa za juu, moja baada ya nyingine, nami nikachungulia kila alipomulika, nikitafuta yale majani ya vinyweleo. Hatukuyaona. Popo walikuwa wameanza kutoka.