Dada wa mapokezi aliyemwita mdogo wangu mlevi

Nilitaka kuandika sentensi moja tu: msiende kile kituo cha afya. Sasa nimepoa kidogo na sina uhakika tena. Ila yule dada wa mapokezi, hapana.

Mdogo wangu ana kisukari, ile aina ya kwanza, anachoma insulini tangu yuko darasa la tano. Mvua zilikuwa zinamalizikia Iringa, baridi inabisha hodi, na nyumba nzima pale Kihesa tunapiga chafya. Yeye mafua yakamshika vibaya. Homa, kikohozi, siku ya pili anatapika hata maji. Usiku tukampakia kwenye bajaji, mama upande huu, mimi upande ule, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia mlimani.

Kituo ni cha binafsi, kinang'aa. Dada yule hakumwangalia mgonjwa usoni. Alinusa. Alinusa kama mtu anayekagua samaki sokoni, akamgeukia mwenzake: "Msimu wa ulanzi huu, tutakoma." Ulanzi, yaani pombe ya mianzi.

Nikamwambia, dada, huyu hanywi, ana sukari.

"Kaka, wote husema hivyohivyo. Lipia kadi, mkae pale. Pombe ikimtoka ataonwa."

Nikalipia. Tukakaa. Mama anasema tulikaa dakika ishirini. Mimi nitaapa ni saa nzima. Mama yangu, mtu wa kanisani, anasikia mwanawe anaitwa mlevi mbele ya watu, na kazi yake ni kumfuta mate kwa kanga.

Harufu ilikuwepo, sikatai. Tamu, ya matunda yaliyopitiliza kuiva. Lakini ukikaa mapokezi ya wagonjwa, si ungeuliza hata swali moja?

Swali lilitoka kwa nesi mtu mzima aliyekuwa anapita na beseni. Alisimama, akakitazama kifua kinavyopanda na kushuka. "Leo amechoma sindano?"

Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kusimama. Hakuchoma, wala jana yake. Mimi ndiye niliyemwambia aache, maana hali kitu, nikaogopa sukari itashuka azimie.

Nesi hakunifokea. Akamtoboa kidole, kimepoa, hakitoi damu, akakikamua mara mbili. Mashine ikaandika HI. Nikadhani imeharibika. Kumbe sukari imeshapita pale inapoweza kusoma, zaidi ya milimoli 33 kwa lita. Kijikaratasi cha mkojo kikageuka zambarau nzito.

"Hizi ni ketoni, mwanangu, si pombe," aliniambia huku anatafuta mshipa. "Mwili ukipigana na mafua, sukari inapanda hata kama tumbo ni tupu. Insulini ikikosekana, mwili unachoma mafuta, unatoa hizi ketoni, na damu inajaa asidi. Hivyo anavyohema, anajaribu kuitoa hiyo asidi."

Akamtundikia dripu ya maji ya chumvi, akaita gari la wagonjwa. Hospitali kubwa walimaliza kazi: insulini ya mshipani, maji, na kupima potasiamu kila mara kwa sababu insulini huishusha. Siku ya pili yake dogo akaomba uji. Siku hizi mtu wa sukari akiugua kwetu tunampima kila baada ya saa nne, hata usiku, na hakuna anayethubutu kumwambia aruke sindano. Mimi wa kwanza.

Nyota? Nesi mpeni zote tano, na yangu ya sita. Mapokezi sifuri. Au moja, maana asingetuketisha pale benchini nesi asingetuona. Hapana, narudi, sifuri.

Nilirudi pale baada ya wiki kama mbili, kumshukuru nesi na kumwambia yule dada wa mapokezi la moyoni. Nilikuwa nimelipanga njia nzima. Nesi alikuwa zamu ya usiku. Dada yupo, na simu yake.

"Kadi unayo?" akauliza, macho kwenye simu.

Nikaitoa.