Boksi la kadi za maswali ya hadithi za watoto, uzoefu wangu hapa Uyole

Wazazi wenzangu naona lile boksi la kadi za kuwajaribu watoto kama wanazijua hadithi maarufu za watoto limeanza kuulizwa sana, wengi mnataka kujua kama pesa inarudi, basi ngoja niseme la kwangu maana sisi hapa Uyole, Mbeya, tunalo tangu likizo ya mwezi wa sita na kona zake zimeshachakaa. Kama mchezo wa kukaa na watoto ni zuri tu. Kama kipimo cha kujua mwanao anasoma au hasomi halifai hata kidogo, na hapo kwenye kipimo ndo wauzaji wanapolipigia debe.

Nililipata kwa muuzaji wa Kariakoo anayeposti mtandaoni, elfu thelathini na tano, likapakiwa kwenye basi nikalifuata stendi ya Nanenane, hapo sina neno, lilifika zima. Ndani kuna kadi mia mbili, zote Kiingereza, swali mbele jibu nyuma. Rangi ziko tatu: kijani mia moja ndo rahisi, njano sitini za kati, nyekundu arobaini ngumu. Halafu kuna kikaratasi cha kujumlishia pointi, mtoto akifika mia na ishirini anaitwa msomaji hodari, asipofika anaambiwa aongeze bidii. Hicho kikaratasi ndo kimenichefua.

Mkubwa wangu yuko la sita, kayumba tu (shule ya serikali), Kiingereza chake cha kuungaunga, lakini hadithi anazijua kwelikweli kwa sababu jioni baridi ya huku ikianza kung'ata tunajifungia sebuleni namsomea vitabu vya zamani ambavyo viko bure mtandaoni kwa vile hakimiliki zake zimeshaisha, nasoma Kiingereza nageuza Kiswahili hapo hapo, penye maelezo marefu naruka, simulizi inaenda. Hivyo ndo tulivyomaliza hadithi za Mowgli, yule mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu, za Rudyard Kipling, kitabu cha 1894. Sasa ikatoka kadi ya kijani: yule chatu anayeitwa Kaa ni nani kwa Mowgli? Dogo hakufikiri hata kidogo, akasema ni rafiki yake. Kugeuza kadi, imeandikwa adui anayetaka kumla.

Akagoma. Akaanza kuwasimulia wenzake pale pale jinsi nyani walivyomteka Mowgli wakampeleka kwenye magofu ya mji uliohamwa na watu, dubu Baloo na chui mweusi Bagheera wakaona peke yao hawawezi wakaenda kumwomba Kaa, kwa sababu nyani hakuna kiumbe wanachokiogopa kama yule chatu, na Kaa ndo aliyekuja kuwatawanya wale nyani na kuuvunja ukuta kwa kichwa mpaka mtoto akatoka. Alisimulia vizuri kuliko nilivyomsomea mimi. Na kwa sheria za boksi, sifuri.

Huyo Kaa wa kumvizia mtoto ampitishe kooni ametoka kwenye katuni ya Disney ya 1967, kwenye kitabu hayupo. Nikaona labda ni kadi moja imekosewa, nikaanza kuzipekua za kijani zote usiku watoto wakiwa wamelala, jamani! Dorothy wa nchi ya Oz wanasema alivaa viatu vyekundu, wakati kwenye kitabu cha L. Frank Baum cha 1900 ni vya fedha, vimekuwa vyekundu kwenye filamu ya 1939 kwa sababu walikuwa wanataka kuringishia rangi kwenye skrini. Yule nguva mdogo wa Hans Christian Andersen, hadithi ya 1837, kadi inasema aliolewa na mwana wa mfalme. Wapi! Mwana wa mfalme alioa mwingine, nguva akageuka povu la bahari kisha akawa roho ya angani. Ndoa ni ya katuni ya 1989. Yaani aliyeandika kadi za kijani alikaa mbele ya TV, vitabu hakuvigusa.

Na matokeo yake nikayaona kwangu mwenyewe. Kuna mtoto wa jirani, anasoma inglishi midiamu, kijana mzuri tu mchangamfu, kwao king'amuzi hakizimwi. Akaja kucheza, akazizoa za kijani karibu zote na za njano akaokota za kutosha, akapita mia na ishirini, msomaji hodari huyo. Nikamuuliza kwa utani kati ya hivi vitabu vyote kipi umeshawahi kukishika, akacheka akasema aunti mimi nimeangalia. Wa kwangu akaambiwa aongeze bidii. Simlaumu mtoto wa watu, alijibu alichoulizwa. Ila mzazi ambaye hana muda wa kupekua kadi ataondoka na picha ya uongo kabisa, na mwalimu akiitumia darasani ndo balaa.

Cha ajabu sasa, kadi nyekundu ni kama zimeandikwa na mtu mwingine. Zile ziko vizuri sana. Mfano kuna inayouliza Pinocchio alimfanya nini yule nyenje anayesema alipomshauri mara ya kwanza, na jibu ni alimrushia nyundo akamuua, ambalo ni la kweli kwenye kitabu cha Carlo Collodi cha 1883, aliyeangalia katuni tu hawezi kuotea maana huko nyenje ni rafiki mpaka mwisho. Nyingine inauliza Jim Hawkins, yule kijana wa Kisiwa chenye Hazina, alijuaje kwamba mabaharia wanapanga kuasi, na jibu ni alikuwa ameingia ndani ya pipa la matufaha akawasikia wakiongea. Hili mwanangu mdogo wa la tatu alilipata yeye, kwa sababu tulivyokuwa tunasoma alinisumbua sana, mama pipa lilikuwa kubwa kiasi gani, maepo yalikuwa kama haya ya Njombe, aliyala mangapi humo ndani. Swali la namna hiyo linapima kweli, mtoto inabidi awe alikuwepo kwenye hadithi. Tofauti na lile la njano linalouliza kasuku wa Long John Silver, haramia wa kitabu hichohicho, anaitwaje (Captain Flint), ambalo unaweza kumkaririsha mtoto wakati unamsuka nywele akalijibu bila kujua kisiwa wala hazina.

Lakini nyekundu ni arobaini tu, na pointi ni moja moja sawa na za kijani. Ndo maana nasema kikaratasi ni cha kutupa. Mtu anafika hodari bila kugusa nyekundu hata moja.

Kitu kingine ambacho wengine hawatakijali ila mimi nimekijali, hakuna hata hadithi moja ya Kiafrika mle, na lugha nayo inawafunga watoto wa kayumba ambao hadithi zenyewe wangeweza kuzijua vizuri tu. Watu wanafikiri hizi hadithi zimekuja na inglishi midiamu, si kweli, Kisiwa chenye Hazina kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1929, Safari za Gulliver 1932, Elisi katika Nchi ya Ajabu 1940. Kwa hiyo swali lilelile ukimuuliza mtoto kwa Kiswahili anajibu vizuri, ukimsomea kadi kama ilivyo anakutumbulia macho.

Tulichofanya sisi tumenunua manila tukakata kadi zetu za bluu, sharti moja, swali lianze na kwa nini au ilikuwaje. Tukaingiza Abunuwasi, na yale ya vitabu vya shule vya zamani, Sizitaki Mbichi Hizi, Karudi Baba Mmoja, Kibanga Ampiga Mkoloni. Hapo baba watoto ambaye siku zote alikuwa anajifanya yuko bize na simu akavuta kiti. Huyo mtu alisoma Rungwe huko enzi hizo na anayo yote kichwani, akasimama akaimba Karudi Baba Mmoja mwanzo mwisho watoto midomo wazi. Na yeye akaandika kadi yake: mke wa Bulicheka anaitwa nani? Nikamwambia baba hiyo ndo ileile ya kasuku, akasema hapana, Lizabeta lazima ajulikane. Tumeiacha. Yule mkubwa akauliza mbona sungura wa Sizitaki Mbichi Hizi amefanya kama yule mbweha wa zabibu wa Aesop, na yule baba wa Karudi Baba Mmoja anayewaambia wanawe mali iko shambani mbona na yeye yuko kwa Aesop, ikawa mjadala mpaka chai ikapoa, na hiyo jioni hakuna aliyekumbuka kuhesabu pointi.

Kwa hiyo faida ipo, sikatai. Tangu boksi liingie watoto wenyewe ndo wanauliza kitabu fulani kinahusu nini, mkubwa ameshaniburuta maktaba ya mkoa pale mjini kutafuta Heidi kwa sababu ya kadi moja nyekundu ya kiti cha magurudumu (nani alikisukuma kikaporomoka mlimani na kwa nini, Peter mchunga mbuzi, wivu). Kadi ikimpeleka mtoto kwenye kitabu imefanya kazi yake. Kadi ikimwambia ameshamaliza kusoma, hiyo sitaki.

Mnaoniuliza ninunue nisinunue: kama una mtoto wa miaka tisa kupanda juu na wewe mwenyewe una muda wa kukaa naye, nunua, bei nayo punguza, muuzaji anashuka ukimkomalia. Kama unataka umpe mtoto acheze peke yake ili akili ikue, hiyo hela kanunue vitabu viwili vya hadithi. Kwa walimu, chukueni nyekundu tu mzigeuze Kiswahili. Za kijani kabla hamjaanza zipitieni zote mtoe za Kaa, za viatu na za nguva, na nyingine za Peter Pan pia ziangalieni, ndoano ya yule haramia Kapteni Hook wameiweka mkono wa kushoto wakati kitabuni ni wa kulia. Na karatasi yake ni nyepesi, zinakunjika upesi hasa mikono ikiwa na mafuta ya maandazi, mi zile nzuri nimezipeleka Mwanjelwa kulaminishwa.