Coober Pedy mwezi Januari: panda kitanda kilicho chini ya ardhi au subiri Julai

Coober Pedy inafaa kutembelewa hata Januari, mwezi wake wa moto kuliko yote, kwa sharti moja tu: ulale chini ya ardhi. Anayechukua chumba cha juu, cha kuta nyembamba na kiyoyozi kinachonguruma usiku kucha, ili aokoe dola chache, atakuwa amelilipia joto na kuukosa mji wenyewe. Kama vyumba vya chini vimejaa, ahirisha safari mpaka Juni au Julai.

Mji uko Australia Kusini, kilomita 846 kaskazini mwa Adelaide kwa barabara kuu ya Stuart. Una wakazi kama 1,500. Ulizaliwa Februari 1915, pale kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, aliyekuwa na msafara wa baba yake wa kutafuta dhahabu, alipookota opali, kito cha thamani, juu ya ardhi. Wachimbaji waliofuata waligundua kwamba shimo lililokwisha kutoa mawe lina ubaridi kuliko hema au kibanda chochote, wakahamia humo. Jina lenyewe limetokana na maneno ya wenyeji, kupa piti, ambayo kwa kawaida hufasiriwa kuwa mzungu aliye shimoni.

Tuanze na joto, maana msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam atadhani analijua. Joto la pwani lina unyevu: shati linalowa, nawe unajua umetoka jasho. La Coober Pedy ni kavu, lafanana na la Lodwar lakini linapanda zaidi. Wastani wa joto la mchana Januari ni kama nyuzi 37, na siku za nyuzi 45 si ajabu. Jasho hukauka kabla hujaliona, kwa hiyo mwili unaishiwa maji huku ngozi ikiwa kavu na wewe ukijiona mzima. Kiu huja imechelewa. Angalia mkojo: ukiwa wa rangi ya chai, umeshaachwa nyuma. Ukitembea nje kadiria lita 1 ya maji kwa saa, unywe kidogo kidogo. Maji matupu kwa wingi nayo yana hatari yake, kwa kuwa yanazimua chumvi ya damu na kuleta kichefuchefu na kizunguzungu. Beba pakiti za ORS, zile zile za nyumbani, na uzichanganye kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti.

Jambo ambalo wageni wengi hulikosea ni saa. Kiangazi Australia Kusini husogeza saa mbele, na Coober Pedy iko mbali magharibi ndani ya ukanda wake wa saa. Matokeo yake jua hufika utosini saa saba na dakika arobaini, si saa sita, na joto hufikia kilele kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Machweo ni karibu saa mbili na nusu usiku. Mgeni anayesema "nitatoka saa kumi, jua likipoa" anatoka katika saa mbaya kuliko zote. Ratiba inayofanya kazi ni hii: nje tangu macheo, karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hadi saa nne, chini ya ardhi tangu saa nne hadi saa moja jioni, kisha nje tena mpaka giza.

Sasa vyumba. Vimechongwa ndani ya mwamba laini wa mchanga na udongo, na siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine ya kuchimba handaki, ndiyo maana ukutani na darini utaona mikwaruzo ya duara kama ya kijiko kikubwa. Kuta hupakwa rangi ya kung'aa isiyo na rangi yake, ili vumbi lisidondoke na michirizi ya mwamba, myekundu na ya maziwa, ionekane. Mwamba ulio juu yako ni mzito kiasi kwamba joto la mchana halijaushuka hata robo usiku unapoingia, na baridi ya Julai nayo haifiki. Ndani hubaki nyuzi 23 hadi 25 mwaka mzima bila kiyoyozi. Ukitoka kwenye nyuzi 45, hizo 24 zitakutia ubaridi. Weka sweta jepesi juu ya begi, si chini yake.

Kabla ya kulipia, uliza mambo matatu. La kwanza, chumba kimechimbwa kweli ndani ya kilima au ni cha matofali kilichoegemezwa kilimani? Vyote viwili hutangazwa kwa maneno yanayokaribiana, na tofauti ya joto ni kubwa. La pili, kina bomba la hewa? Chumba kizuri kina tundu jembamba linalopanda wima hadi juu ya kilima. Hewa ya moto hutoka nayo safi huingia kwa mlangoni. Kisipokuwa nalo, asubuhi utaamka na kichwa kizito. La tatu, bafu liko ndani ya mwamba au juani? Kama liko juani, maji ya bomba la "baridi" mchana yatatoka ya moto.

Tarajia giza. Hakuna dirisha, na taa ikizimwa hutauona mkono wako. Weka tochi kando ya mto na utege saa ya kuamsha, la sivyo utalala mpaka saa nne na asubuhi yote, sehemu pekee nzuri ya siku, itakuwa imekwenda. Simu haishiki mtandao katika vyumba vya ndani kwa sababu mwamba huzuia mawimbi. Intaneti ya mwenyeji ndiyo tegemeo. Ukimya wake ni wa ajabu, na kwetu sisi huo peke yake unatosha kuhalalisha bei. Lakini mwenye hofu ya mahali palipofungwa asijilazimishe usiku mzima kabla ya kujaribu saa moja kwenye makumbusho.

Ya makumbusho hayo, Umoona ndiyo ya kuanza nayo: mgodi, nyumba ya zamani na maelezo ya bahari iliyofunika eneo hili zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, vyote chini ya paa moja la mwamba. Old Timers Mine ni nzuri zaidi kwa mwenye kutaka kuona uchimbaji wa mikono. Mgodi wake ni wa 1916. Kanisa la Kiorthodoksi la Waserbia, lililochimbwa 1993, liingie kwa heshima ya nyumba ya ibada, kofia mkononi, na utie mchango. Vyote vitatu vinafaa saa za mchana mkali. Januari ni msimu mdogo, kwa hiyo baadhi ya mikahawa na maduka hufupisha saa au hufunga kabisa. Piga simu asubuhi hiyo hiyo, usiamini kibao cha mlangoni. Gofu huchezwa usiku kwa mipira inayong'aa, kwenye uwanja usio na jani hata moja.

Chakula ni kizuri kuliko unavyotarajia katika mji mdogo wa jangwani. Uchimbaji ulivuta Wagiriki, Waserbia, Wakroati na wengine wa mataifa mengi, na mapishi yao yamebaki. Mboga na matunda huja kwa lori kutoka mbali, hivyo bei ni ya juu na Januari huchoka haraka. Nunua Port Augusta, mji ulio njiani kutoka Adelaide, na ubebe kwenye kasha la barafu. Maji ya bomba ni ya kisima cha chumvi yaliyosafishwa, yanafaa kunywa, na ni ghali kwa wenyeji. Usiyachezee.

Jioni moja ihifadhi kwa Kanku-Breakaways, vilima vyeupe, vya njano na vyekundu kilomita 33 kaskazini. Nchi hiyo ni ya watu wa Antakirinja Matu-Yankunytjatjara na kibali hulipiwa kabla ya kuingia. Fika saa moja na nusu usiku, jua likiwa chini. Ukizunguka kupitia uzio wa dingo (mbwa wa porini wa Australia), ule wa zaidi ya kilomita 5,600 uliojengwa kulinda kondoo, kumbuka njia ni ya vumbi na ikinyesha hufungwa. Kuendesha kwenye njia iliyofungwa kuna faini. Beba wavu wa uso: nzi hawaondoki mpaka giza liingie, nao hutafuta maji ya macho na pua.

Mjini na pembezoni, kanuni moja haina mjadala. Mashimo ya kuchimba ni mapana kama mita moja, yanaweza kushuka mita 20 na zaidi, na mengi yako wazi. Usitembee kinyumenyume ukipiga picha, usiingie mashambani mwa opali bila kiongozi, na mtoto ashikwe mkono.

Gari ndilo linaloharibu safari nyingi za Januari, na karibu kila mara kwa mambo yaliyoweza kuonwa gereji. Mpe fundi aangalie hosi za rejeta kwa kuzibonyeza zikiwa baridi: iliyo laini kama ndizi mbivu au yenye nyufa itapasuka njiani. Mkanda wa feni, kulanti, betri iliyozidi miaka mitatu, tairi la spea lenye upepo. Pima upepo wa tairi asubuhi, kabla ya kutembea. Mchana kipimo kitapanda kwa sababu hewa imepata moto, na anayeutoa ataendesha na tairi lililolegea, ambalo huchemka zaidi na kupasuka. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani hadi mwisho, kisha utafute pa kuegesha. Kifuniko cha rejeta usikiguse kwa nusu saa nzima.

Mafuta: kati ya Glendambo, kituo cha njiani upande wa kusini, na Coober Pedy ni kama kilomita 254 bila sheli. Kiyoyozi, mzigo na upepo wa mbele kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa huongeza ulaji, kwa hiyo jaza tangi Glendambo hata kama liko nusu. Barabara ni ya lami na mnaendesha kushoto, kama Kenya na Tanzania. Malori yanayovuta matela matatu hufika urefu wa mita 53. Usilipite moja mpaka uone zaidi ya kilomita nzima mbele. Ubaridi wa alfajiri unashawishi, ila ndiyo saa ya kangaruu barabarani. Ondoka jua likishachomoza.

Gari likifa, baki nalo. Gari huonekana kutoka mbali na lina kivuli. Mtu anayetembea hana kimojawapo. Lita 10 za maji kwa kila mtu ziwe ndani, mbali na zile za kunywa njiani. Dharura ni 000, lakini sehemu ndefu za barabara hazina mtandao. Na kiangazi hakimaanishi ukavu tu: mwishoni mwa Januari 2022 mafuriko yaliikata barabara ya Stuart kusini mwa mji, reli nayo ikakatika, na ndege ya jeshi ikapeleka chakula. Soma taarifa ya barabara kila asubuhi.

Kununua opali ndiko kunakostahili mchana mzima, maana maduka mengi yako chini ya ardhi na hakuna anayekuharakisha. Ya hapa ni hasa nyeupe, ya maziwa, yenye cheche za rangi. Uliza moja kwa moja kama ni jiwe zima. Dableti ni ganda jembamba la opali lililogundishwa kwenye mgongo mweusi. Tripleti huongezwa kofia ya kioo au kwatzi juu. Ligeuze ulitazame kwa ubavu: mstari ulionyooka kama wembe ni gundi. Hizo si utapeli zikiuzwa kwa jina lake, na kwa pete ya bei nafuu zinapendeza, ila zikilowekwa gundi hufa. Uliza pia asili, kwa sababu opali ya Welo ya Ethiopia huuzwa kote duniani. Ni nzuri, lakini nyingi hunywa maji na kubadilika rangi kwa muda, na isiuzwe kwa jina la Coober Pedy. Jiwe zima la hapa haliogopi maji. Linaloogopa ni mabadiliko ya ghafla ya joto: ukiliacha kwenye dashibodi Januari laweza kupata nyufa za utando wa buibui, ambazo hazirudi.

Dai risiti yenye kodi. Ukinunua vya dola 300 au zaidi kwa muuzaji mmoja, ndani ya siku 60 kabla ya kuondoka Australia, unarudishiwa kodi uwanja wa ndege, sehemu moja ya kumi na moja ya bei. Jiwe liwe kwenye begi la mkononi, maana ofisa atataka kuliona.