Chupa za kasiksi (pombe ya ndizi): dawa gani ununue Bukavu

Ukiuliza sokoni Kadutu dawa ya kusafishia chupa, utapewa javel, ile dawa ya klorini ya kufulia, kabla hujamaliza kueleza. Si vibaya, ila anza na burashi yenye mpini mrefu na sabuni isiyo na marashi. Dawa haipenyi uchafu. Ule utando wa kahawia unaoganda kwenye kitako cha chupa iliyolala na tone la bia ndani ni maficho ya bakteria wa siki, na wataendelea kuishi hata umwage lita nzima ya javel. Inua chupa juani, chungulia kutoka mdomoni. Kivuli kisichotoka kwa burashi na maji ya vuguvugu, rudisha hiyo chupa kwenye kasha, chukua nyingine.

Katika kupanga dawa hizi nimetazama gharama isiyoandikwa dukani: maji. Pale bomba la Regideso, shirika la maji, linapotoa maji usiku tu, au mnapopandisha bidoni kwa mgongo, dawa inayotaka kusuuzwa inakula maji mara mbili.

Ya kwanza, kwa mwenye kutengeneza mara kwa mara: asidi isiyosuuzwa, kama Star San. Utalazimika kuagiza, na bei yake ukiilinganisha na javel utaguna. Lakini kipimo ni mililita 1.5 tu kwa lita moja ya maji (nunua sindano ya farmasi, kijiko kitakudanganya). Dakika 2 zinatosha, kisha unageuza chupa imwagike na kujaza pombe hapo hapo. Povu linalobaki halina shida, liache. Ndoo moja inahudumia chupa nyingi. Maji yakianza kuwa na ukungu, mwaga, huenda nguvu imekwisha.

Ya pili ni javel ya kawaida, isiyo na harufu ya limau wala maua. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji baridi, loweka dakika 20. Suuza vizuri na maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu klorini iliyobaki ikikutana na pombe inaleta ladha ya plasta ya hospitali, na ladha hiyo haitoki tena. Chagua iliyowekwa ndani ya duka, si ile iliyopangwa barazani: jua linaipunguza nguvu. Na mama muuzaji asikwambie uongeze siki ili ikaze. Javel na siki hutoa gesi ya klorini, inaumiza mapafu.

Moto ni wa tatu, kwa chupa za kioo tu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini dakika 15 zinaua chachu za porini na ukungu. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, kwenye kitako, chupa ziingie maji yakiwa bado baridi, zipande joto pamoja. Kinachoniudhi hapa ni makaa: chupa 20 haziingii sufuria moja, na moto haungoji. Chupa za plastiki za maji zitajikunja, usijaribu.

Pombe ya farmasi ya asilimia 70 ni nzuri kwa vifuniko, mpira wa kuhamishia na mdomo wa chupa. Kwa chupa nzima ni kutupa pesa. Usikimbilie ya asilimia 90 ukidhani inaua zaidi. Hukauka haraka mno, na yale maji kidogo ndiyo yanayoisaidia kupenya.

Metabisulfiti, unga wa salfa wa watengeneza mvinyo, naiweka mwisho. Inazuia vijidudu kuliko kuviua, na moshi wake ni adui wa mwenye pumu. Soda kali ya wachemsha sabuni siipangi kabisa. Viwanda vya bia huoshea chupa kwayo ndani ya mashine. Nyumbani, penye watoto, tone moja jichoni ni safari ya hospitali.

Kama mfuko unaruhusu vitu viwili tu mwezi huu: burashi na javel. Pesa ya asidi utaitafuta ukifika pipa la pili.